Msijenge Juu ya Nakala ya Dukani

Vijana wangu, nawaona mnavyofanya. Mtu ananunua mchezo wa Skyrim jioni, na kabla mkokoteni wa mwanzo haujamfikisha Helgen, keshamwaga modi sitini, yaani nyongeza zilizotengenezwa na mashabiki, ndani ya folda ya mchezo. Kwa wiki kadhaa mambo yanakwenda vizuri. Kisha siku moja anabofya ili acheze, dirisha linafunguka na kufungika hapo hapo. Anaghadhibika, anamwandikia aliyetengeneza modi maneno makali, anafuta kila kitu na kuanza upya. Nawaomba mnisikilize kabla hamjafika hapo, kwa sababu mara nyingi modi ile haikuwa na kosa lolote. Nyumba nzima ilijengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na mwenye kiwanja amekuja kukifanyia matengenezo.

Folda ambayo Steam inauwekea mchezo ni ya Steam. Duka hilo huisasisha kwa ratiba yake, wala halijui kama mmekesha mkipanga modi humo. Mkiiomba Steam ihakiki mafaili, itarudisha ya asili yaliyobadilika au kupotea, lakini mliyoyaongeza wenyewe itayaacha palepale. Hata mkiuondoa mchezo na kuusakinisha tena, mabaki ya modi hubaki ndani ya folda. Kwa hiyo anayedhani ameanza upya huwa ameanza na takataka za jana.

Tarehe 11 Novemba 2021 Skyrim ilitimiza miaka 10, na Bethesda, kampuni iliyoutengeneza, ikatoa toleo la maadhimisho. Hata ambaye hakununua nyongeza zake alipokea sasisho. Programu ya mchezo ilihama kutoka toleo 1.5.97 kwenda 1.6, na safari hii ilikuwa imejengwa upya kwa zana mpya zaidi, hivyo anwani za ndani za kazi zake zote zikasogea. Sasa ipo programu iitwayo SKSE, iliyotengenezwa na mashabiki, ambayo huupa mchezo uwezo ambao haukuzaliwa nao. SKSE na plagini zinazoitegemea huufikia mchezo kwa anwani zile zile. Zilipohama, modi nyingi kubwa zilisimama kwa pamoja, si kwa ubovu wake, bali kwa sababu zilikuwa zikibisha hodi kwenye milango isiyokuwepo tena. Watengenezaji walilazimika kuzijenga upya, na wako waliokuwa wameacha kazi hiyo miaka mingi nyuma, hivyo modi zao hazikuwa na wa kuzirekebisha.

Aliyekuwa na nakala ya 1.5.97 kwenye folda nyingine, mbali na mkono wa Steam, aliendelea kucheza usiku ule ule kana kwamba hakuna kilichotokea. Wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao.

Msidhani lile lilikuwa la mara moja. Desemba 2023 Skyrim ilisasishwa tena na SKSE ikahitaji kazi mpya. Tarehe 25 Aprili 2024 ikawa zamu ya Fallout 4, mchezo mwingine wa Bethesda. Kundi la watu wa kujitolea lililokuwa limejenga Fallout: London, jiji zima jipya ndani ya mchezo huo, lilikuwa limepanga kuitoa siku mbili kabla. Sasisho lilipotangazwa wakaahirisha, na kazi yao ikatoka tarehe 25 Julai, huku wenye mchezo kwenye Steam wakitakiwa kwanza kuurudisha kwenye toleo la zamani. Kazi ya miaka ilisubiri miezi kwa sababu ya uamuzi ambao wao hawakuufanya. Jambo hilo likiwapata watu wenye ujuzi ule, nyinyi mtasalimika kwa lipi?

Basi fanyeni hivi. Sakinisheni mchezo kupitia Steam, ufungueni mara moja ili uandike mipangilio yake, kisha uzimeni. Kwenye mipangilio ya Steam chagueni mchezo usisasishwe hadi utakapofunguliwa. Halafu nakilini folda nzima mahali pengine, nje ya Program Files, maana Windows inalinda eneo lile na huzuia programu kuandika humo. Nakala hiyo ya kwanza isiguswe kamwe. Iandikeni namba ya toleo kwenye jina la folda. Kutoka kwake toeni nakala ya kuchezea na nyingine ya kujaribia. Tatu zinatosha, anayeweka kumi hatakumbuka ipi ni ipi.

Najua mtaniuliza habari ya nafasi. Skyrim Special Edition inadai gigabaiti 12, na picha za ubora wa juu zikiongezwa hukua mara kadhaa. Lakini kwa sisi tunaonunua bando kwa gigabaiti, nakala safi kwenye diski ya nje ni nafuu kuliko kupakua upya kila mambo yanapoharibika.

Kwenye nakala ya kuchezea msimwage modi ndani ya folda ya Data. Tumieni Mod Organizer 2. Kila modi hukaa kwenye folda yake, na mchezo unapofunguliwa huonyeshwa zote kana kwamba ziko ndani ya Data, ilhali Data yenyewe imebaki safi. Mkitaka kuondoa modi, mnaondoa alama ya tiki tu. Programu hiyo inaweza pia kuwekwa kivyake kwa kila nakala, ikiwa na modi zake na mpangilio wake.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, nami nataka mpasome mara mbili. Kunakili folda ya mchezo hakutenganishi sevu zenu. Skyrim haihifadhi safari yako ndani ya folda yake. Huihifadhi kwenye Documents, ndani ya My Games, pamoja na mafaili ya mipangilio. Nakala zote tatu zitatazama sehemu hiyo moja. Utafungua nakala ya majaribio, itaiona sevu ya safari yako ya miezi, itakuonya kwamba baadhi ya mafaili hayapo, nawe kwa uvivu utabofya kukubali. Mchezo utafunguka. Utatembea kidogo, utaingia kwenye nyumba, na mchezo utajihifadhi wenyewe.

Sevu haishiki tu mahali uliposimama. Hushika pia hati za modi, yaani maagizo yake, zilizokuwa zikiendeshwa, zikisubiri kuendelea. Ukiifungua bila modi hizo, hati zake hubaki zikining'inia, na ukiendelea kuhifadhi juu yake madhara huja polepole: kazi ya hadithi isiyokamilika, mhusika asiyezungumza, kisha kuanguka kwa mchezo kusikoeleweka. Ndiyo maana nawasihi msiondoe modi katikati ya safari. Na kwenye Mod Organizer, kila mnapofungua wasifu mpya, wekeni alama kwenye chaguo la sevu za wasifu huo pekee na lile la mipangilio yake pekee. Ni mibofyo miwili, na wengi sana huiruka.

Nakala hizi ni zenu, za kuchezea wenyewe. Msimpe rafiki folda nzima kwenye flashi, maana ndani yake kuna jasho la watu ambao hawakulipwa hata senti na hawakuwapa ruhusa ya kuwagawia wengine. Na mchezo wa wizi msiuguse. Hamjui ni toleo gani wala nani aliingiza nini ndani yake, na watu wa SKSE hawasaidii wenye nakala hizo.

Modi mpya ianzie kwenye nakala ya majaribio, peke yake, na mchezo mpya, si sevu ya zamani. Ikianguka hapo, someni kwanza maelezo ya aliyeitengeneza. Huenda inahitaji modi nyingine ambayo hamkuiweka. Ikiendelea kuanguka, mwandikieni kwa heshima, mkitaja toleo la mchezo, toleo la SKSE na orodha ya plagini kwa mpangilio wake.