Utepe wa Kifuani

Msomaji kijana, bila shaka umewahi kuwaona askari wakipita katika barabara iendayo Thika. Karibu na Ruiru, mahali paitwapo Kahawa, pana kambi kubwa ya jeshi, na Thika penyewe pana kambi ya askari wahandisi. Siku za kazi askari hao huvaa nguo za mabakamabaka, wala si rahisi kumtambua mmoja kati ya wenziwe. Lakini siku ya sherehe huvaa sare ya heshima, na juu ya mfuko wa kushoto wa koti huonekana safu za tepe ndogo za rangi mbalimbali, kila utepe upana wa vidole viwili hivi. Tepe hizo husimama badala ya nishani zenyewe, ambazo hutolewa sandukuni kwa nadra. Watoto huzitazama kwa tamaa, watu wazima kwa heshima, na wengine kwa mashaka. Nataka tuulizane swali moja: Je, utepe humpa mtu heshima, au mtu ndiye aupaye utepe heshima?

Kwanza yatupasa kujua utepe husema nini, kwani utepe ni lugha isiyo na sauti. Lugha hiyo ina maneno ya aina tatu.

Neno la kwanza ni cheo. Mwaka 2007 jeshi la China liliingiza sare mpya, na tepe za kifuani katika sare hiyo zikapangwa ili zionyeshe ngazi ya madaraka ya mtu na miaka aliyotumika. Ajuaye kuzisoma huweza kumkadiria askari kabla hajafungua kinywa. Jambo hili si geni kwako, maana shuleni kwenu kiranja huvaa beji. Beji hiyo haisemi kwamba kiranja ni mwema. Husema kwamba amewekwa mahali fulani.

Neno la pili ni kuwapo. Katika Vita Kuu ya Pili askari wengi wa Afrika ya Mashariki walipelekwa Burma, na waliopigana huko walipewa Nyota ya Burma. Utepe wake ni wa samawati iliyoiva, katikati una mstari mwekundu, na kila upande una mstari wa rangi ya machungwa, mfano wa jua. Hodari aliuvaa, na mwoga aliyetetemeka katika handaki lile lile aliuvaa pia. Husema tu: nilikuwapo.

Neno la tatu ni tendo. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito katika nchi ya Ethiopia, Sajini Nigel Gray Leakey wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, alipanda juu ya kifaru cha Waitaliano kilichokuwa kikiwashambulia wenzake, akakifungua na kuwapiga risasi waliokuwamo. Akavifuata vifaru vingine, na huko akauawa. Alikuwa mzaliwa wa Kenya. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa iliyo juu kabisa katika Uingereza. Hakuivaa hata siku moja, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufa miaka minne.

Zingatia jambo hilo. Kama heshima ingalikuwa ndani ya nishani, Leakey angalikufa bila heshima, kisha akapewa na posta. Hapana, tendo lilikuwa kamili jioni ile ile Colito. Nishani ilikuja baadaye, kama shahidi ajaye mbele ya baraza kueleza aliyoyaona.

Wala thamani haimo katika madini. Msalaba wa Victoria hutengenezwa kwa shaba, si kwa dhahabu. Tena sikiliza habari hii ya pili ya shaba. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Uingereza ilitoa nishani ya vita yenye sura ya mfalme. Askari walipewa ya fedha. Vibarua wa mataifa mengine, wakiwamo maelfu ya Wachina waliopelekwa Ufaransa kuchimba mahandaki na kupakua mizigo, walipewa ya shaba. Shaba ya Leakey ilisema, "Huyu ni mkubwa." Shaba ya kibarua Mchina ilisema, "Huyu ni mdogo." Madini ni yale yale, kilichotofautiana ni nia ya mtoaji.

Basi nishani ni ushahidi, na kila ushahidi hupimwa kwa ukweli wa shahidi. Shahidi aweza kusema kweli yote, au uongo, au nusu ya kweli. Hiyo nusu ya kweli ndiyo inayotutatiza kuliko yote, nami nilianza kuijua nikiwa mtoto.

Jirani yetu mmoja huko Thika alikuwa mzee aliyetoka upande wa Machakos, askari wa Keya wa zamani. Alihifadhi tepe zake katika mkebe wa majani ya chai. Siku moja alinionyesha. Wa kwanza ulikuwa utepe wa Nyota ya Afrika, wenye rangi ya mchanga wa jangwani. Wa pili ulikuwa wa Burma. Wa tatu ulikuwa wa manjano, kingo zake nyeusi, na ndani mistari miwili myembamba ya kijani. Huo ulikuwa utepe wa nishani waliyopewa waliotumika Kenya katika Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Siku za sherehe mzee alizivaa tepe mbili za kwanza. Wa tatu haukutoka katika mkebe.

"Babu," nikamwuliza, "mbona huu huuvai?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hizi mbili nilizipata nikipigana na watu nisiowajua. Huu niliupata nikiwawinda watu ambao leo huniuliza habari za asubuhi."

Ng'ambo ya ua alikaa mzee mwingine, ambaye katika miaka ile aliwekwa kizuizini. Kifuani pake hapakuwa na utepe wowote. Wazee hao wawili waliazimana jembe na toroli, na sikupata kusikia neno baya kati yao.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba utepe ule wa tatu ulikuwa wa uongo, na kwamba mzee aliuficha kwa aibu. Sasa nawaza vingine. Utepe ule haukusema uongo. Mzee alilala msituni katika baridi kali, alitii amri za wakubwa wake, na kwa kanuni za jeshi lake alistahili alichopewa. Upungufu wake ni huu: ulisema kwamba alitii, lakini haukusema alitii nini. Utii ni jambo jema kwa askari, kama ulivyo kwa mwanafunzi, lakini ni wema ulio mfano wa chombo. Hupata sifa yake kwa kile kilichotiwa ndani. Mzee alijua kusoma utepe wake kuliko serikali iliyompa. Hakuutupa, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya maisha yake; hakuuvaa, kwa kuwa majirani wangesoma ndani yake maneno asiyotaka kuyarudia. Naona kwamba katika kuuacha mkebeni palikuwa na ushujaa ambao hapana nishani iliyopata kutengenezwa kwa ajili yake.

Tazama sasa mfano wa mtu anayejulikana. Waruhiu Itote aliingia Keya katika Vita Kuu ya Pili, akatumika Burma chini ya bendera ya mfalme. Miaka michache baadaye aliingia msituni katika Mlima Kenya, akawa kiongozi wa Mau Mau, na jina lake la vita likawa Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo, ingawa hakunyongwa. Mtu ni yule yule, na ujuzi wake wa vita ni ule ule. Kwa shahidi mmoja alikuwa askari mwaminifu, kisha mhalifu. Kwa shahidi wa pili alikuwa shujaa. Huyo shahidi wa pili naye alichelewa kunena. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, lakini marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau na serikali ya kikoloni haikuondolewa hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 hivi chama cha wapiganaji wale kilikuwa bado chama haramu katika maandishi ya sheria, na wengi wao walizikwa kabla neno hilo halijafutwa.

Nao walikuwa na wenzao waliowatangulia katika kusahauliwa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi. Walibeba vyakula na risasi vichwani, wakafa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki, na wengi hawana kaburi lenye jina. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Watu huenda huko kununua vyondo na nguo, wala hawakumbuki kwamba wanatamka jina la jeshi la wabeba mizigo.

Yamkini utaniambia: "Ikiwa nishani huweza kusema nusu ya kweli, na kuwasahau wanaostahili, si afadhali ziondolewe zote?" Swali hilo ni zuri, na limepata kujaribiwa. Mwaka 1965 jeshi la China liliviondoa vyeo vyake vyote, na alama za vyeo zikatoka mabegani. Watu walifanya nini? Walihesabu mifuko. Wakubwa walikuwa na makoti ya mifuko minne, na askari wa chini ya mifuko miwili, basi macho yakajifunza kusoma mifuko badala ya alama. Mwaka 1988 vyeo vikarejeshwa. Mwanadamu hupenda kutambua na kutambuliwa. Ukimnyima utepe atatafuta kifungo. Tena wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Kumtunza aliyetenda vema ni deni, na jamii isiyolipa deni hilo huwafundisha vijana wake kwamba kutenda na kutotenda ni sawa.

Kwa hiyo nishani zibaki, lakini kila mmoja na atimize wajibu wake. Mtoaji yampasa aseme kweli. Akimpa nishani rafiki yake, au tajiri, au mtu anayemhitaji wakati wa uchaguzi, huwa amemvika kilemba cha ukoka. Na majani yale yanyaukapo hawaaibiki wawili hao tu, bali hata wale waliopata nishani kwa jasho hutiliwa shaka. Mvaaji yampasa akumbuke kwamba utepe husema habari za jana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wako watu waliokuwa hodari kwa siku moja, wakaishi miaka 30 wakiuza siku hiyo.

Wajibu wa tatu ni wa mtazamaji, na huo ndio wako. Usimdharau mwenye utepe. Yawezekana aliununua kwa damu. Walakini usiishie hapo. Uliza: utepe huu wasema nini, na nani aliyeutoa? Kisha geuza macho umtazame aliyesimama kando yake na kifua kitupu, uulize: huyu naye alifanya nini, na kwa nini hapana aliyemshuhudia?

Nawe mwenyewe utavikwa kitu siku moja, hata kama hutaingia jeshini. Siku ya zawadi jina lako litaitwa, na wazazi watapiga makofi. Kama majibu yale uliyanakili kwa jirani, makofi hayo hayatapungua sauti hata kidogo. Hapana mtu ukumbini atakayejua, ila wewe, na labda huyo jirani. Hapo utafahamu kwa hakika kwamba heshima haimo katika kikombe wala katika karatasi. Na kama ulijitahidi kwa haki, jina lako lisiitwe, utafahamu vilevile kwamba kazi yako haikupotea, ijapokuwa imekosa shahidi.

Katika barabara ile ile ya Thika, kabla hujafika Ruiru, pana chuo kikuu kiitwacho Kenyatta. Hapo zamani mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer. Baada ya uhuru kambi ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya, na mwaka 1965 ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Palipokaguliwa bunduki pakafunzwa walimu. Maelfu wametoka hapo kwenda kufundisha katika kila pembe ya nchi, na huenda mwalimu wako ni mmoja wao. Wengi watastaafu bila utepe wowote.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, kila tarehe 20 Oktoba Kenya huadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hiyo itakapofika, zitazame tepe za wanaopita katika gwaride, na uwape heshima yao. Kisha, urudipo nyumbani, mwendee mzee mmoja wa mtaa wenu ambaye hakualikwa, umwamkie kwa adabu, ukae chini, umwombe akusimulie alikuwa wapi na alifanya nini. Sikiliza mpaka mwisho. Akimaliza kusema, atakuwa amepata shahidi.