Bi Kidude si wa Kutajwa Nusu

Mjukuu wangu, nimesikia unataka kuacha masomo TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kwa sababu umepata bwana wa Dar es Salaam anayekutaka kwenye filamu. Mama yako alipokukataza ukamjibu kwamba hata Bi Kidude, yule mwimbaji wa Unguja, alikuwa muasi. Hapo umenichokoza, maana bibi yule si wa kutajwa nusu.

Aliasi, sibishi. Jina lake Fatuma binti Baraka wa Mfagimaringo, Unguja, mtoto wa muuza nazi. Husimuliwa kwamba alikimbia ndoa ya kulazimishwa angali mdogo, akavuka bahari kuja huku bara, akazunguka miji kwa miguu mitupu. Alivuta sigara mbele za watu, akanywa, akatembea bila buibui zama ambazo mwanamke wa Unguja hakuthubutu. Wewe umeiona sigara.

Mikono yake je, umeitazama? Nyimbo alizotembea nazo nyingi zilikuwa za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kidude hakuziona za kizee. Alizishika na kuziimba mpaka uzeeni. Tena alikuwa kungwi wa unyago. Msondo, ile ngoma kubwa, aliufunga kiunoni kwa kanga, akaupiga amesimama huku wari wakifundwa, na hapo hakuna kubahatisha: kila pigo lina mahali pake, na kina mama waliokaa pembeni wanalijua. Kwenye ngoma alikuwa mtiifu kuliko wewe darasani kwako.

Na ulimwengu ulimpa tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, mwaka 2005, ajuza tayari. Filamu ya Andy Jones iliyomtia kwenye skrini za nchi za watu ilitoka 2006. Akafariki Aprili 2013. Miaka mingi kabla ya tuzo na filamu alipiga arusini na unyagoni, hapana kamera.

Filamu sikukatazi. Huyo bwana na aje hapa Dunda, tumpikie, alete mkataba wa Kiswahili. Uandikwe malipo yako, siku za kupiga picha, na picha zikishauzwa nani anakula. Akisema hawezi kungoja umalize chuo, muulize kama hadithi yenyewe imeshaandikwa, na wewe ndani yake unaitwa nani.