Mcheza Kwao na Mwenye Kumtunza

Waswahili wamesema: mcheza kwao hutunzwa. Maana ya kutunza huko haihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyepata kukaa katika ukumbi wa taarabu. Anayeguswa na wimbo huinuka, noti mkononi, akamwendea mwimbaji mbele ya hadhara, akatoa, akarudi kitini. Tendo hilo dogo lina masharti mawili yasiyoandikwa popote: fedha ni ya mtoaji mwenyewe, na watu wote wanamwona akitoa. Asiyeinuka halaumiwi, kwani kutoa ni moyo. Lakini mtu akichota mfukoni mwa jirani aliyesinzia, akaenda kumtunza mwimbaji kwa mbwembwe, hapo hapana tunzo tena. Pana jina jingine.

Kipimo hiki cha ukumbini chafaa kupelekwa uwanjani. Timu ya mpira ya kulipwa nayo ni mcheza kwao, na katika nchi nyingi mmoja wa watunzaji wake wakubwa ni mfuko wa umma. Nchini Tanzania, bajeti ya mwaka 2021/22 ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyomo katika majiji. Kodi hiyo Bara ilikuwa asilimia 18. Basi kwa kila shilingi 100 za thamani ya nyasi, shilingi 18 ambazo zingeingia hazina zilibaki mkononi mwa mnunuzi. Habari za msamaha kama huo hupokewa kama habari za ukarimu wa serikali. Ila serikali haina shamba wala jahazi. Ilicho nacho ni kile ilichokusanya kwa watu. Na kisichokusanywa kwa huyu, ama kitakusanywa kwa yule, ama huduma fulani itapungua. Msamaha wa kodi ni tunzo ambayo mtoaji wake hakuinuka kitini, wala hakujua kwamba ametoa.

Mahali pa kulipima jambo hili ni Mwanza, mji wa majabali ulio kando ya Ziwa Viktoria, uliopata hadhi ya jiji mwaka 2000. Timu yake ya Pamba, ambayo mashabiki huiita TP Lindanda, ilibeba jina la zao lililoilisha Kanda ya Ziwa kwa miongo mingi. Ilitamba, kisha ikashuka, ikabaki kuwa hadithi ya wazee. Mwaka 2024 ilirejea Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20, safari hii ikiitwa Pamba Jiji, kwa kuwa ni timu ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Asiyeielewa furaha iliyoupata mji siku zile haelewi maana ya kurudishiwa kitu kilichokwisha kuliliwa.

Hapa ndipo swali linapouma. Halmashauri hupata fedha zake kwa ushuru wa masoko, kwa leseni na kwa ushuru wa huduma. Miongoni mwa walipaji yumo mama anayepanga mafungu ya dagaa sokoni, akatozwa kabla jua halijapanda. Yawezekana anaipenda Pamba kuliko diwani yeyote. Yawezekana pia kwamba hajui timu ina wachezaji wangapi, na kwamba haja yake ni paa la soko lisilovuja. Vyovyote iwavyo, yeye ni mmoja wa watunzaji wa timu, na ni nadra mtu kumwita kwa jina hilo.

Wako watakaosema: je, umma usitumie hata senti kwa furaha? Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Maskini naye ana haki ya kushangilia, na hakuna mchuuzi awezaye kujijengea uwanja peke yake. Mji usio na mchezo, ngoma wala shairi ni kambi tu ya kulalia. Tena wapo wasiokanyaga uwanjani ambao hufurahi wasikiapo mji mzima ukipiga kelele kwa bao moja. Kosa, basi, haliko katika kutoa. Linatazamwa kwingine: katika kutomwonyesha mtoaji alichotoa, na katika kumnyima haki juu ya kilichonunuliwa.

La kwanza lina dawa iliyo karibu. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mfano wa mpangilio wa wachezaji uwanjani. Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023, kabla ya kurejeshwa, kikundi chochote kiliweza kuhesabu kilichokosa, kwa kuwa fungu lilikuwa na tarakimu. Fungu la timu nalo listahili tarakimu inayosomeka ukutani pa soko, karibu na bei ya ushuru.

La pili ni zito zaidi, na ushahidi wake umesimama Kirumba. Uwanja mkubwa ambao Pamba Jiji imeutumia tangu irejee Ligi Kuu waitwa CCM Kirumba, na ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Ulijengwa katika enzi ya chama kimoja, zama ambazo chama na serikali vilikuwa kama ulimi na mate, na wananchi walichangia viwanja kama hivyo bila kuulizwa kadi. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, chama kikawa kimoja kati ya vingi, lakini viwanja vikabaki mikononi mwake. Wanaoutetea umiliki huo husema kuwa chama ndicho kilichohamasisha na kusimamia ujenzi, na hati ni zake. Wanaoupinga husema kuwa aliyehamasisha si lazima awe aliyetoa. Sheria yaweza kuwa upande wa hati. Dhamiri hubaki ikiuliza swali la ukumbini: noti ilitoka mfukoni mwa nani? Nayo timu ya umma, ichezapo hapo, ni mgeni katika nyumba ambayo wazazi wa mashabiki wake walisaidia kuijenga. Kati ya Kirumba na uwanja wa Nyamagana, ulio mali ya jiji, mwendo ni mfupi. Tofauti ya umiliki ni ndefu.

Katika nchi tajiri uchungu ni wa namna nyingine. Huko timu hutishia kuhama ili ijengewe. Mji wa Seattle, Marekani, ulidaiwa fedha za umma kwa ajili ya ukumbi wa timu yake ya mpira wa kikapu, SuperSonics. Mwaka 2006 wapiga kura waliweka masharti magumu dhidi ya ruzuku za aina hiyo. Mwaka 2008 timu ikahamia Oklahoma City, ambako wapiga kura walikuwa wamekubali kutozwa senti moja katika kila dola ya manunuzi ili ukumbi utengenezwe. Mmoja alipata timu, mwingine aliikosa. Wote wawili, hata hivyo, waliinuka vitini wenyewe.

Pamba haiwezi kuitishia Mwanza hivyo. Jina lake limefungwa na udongo wa huko. Kwa sababu hiyo Mwanza haina haja ya kutoa kwa hofu, na yaweza kutoa kwa macho wazi. Mwenye soko aambiwe kiasi, aulizwe kupitia baraza lake, na kila jiwe litakalowekwa kwa fedha yake liandikwe kwa jina la wote, kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa. Baada ya filimbi watu hushangilia, na katikati ya shangwe hakuna asomaye hati.