Legeza Mabega, Mstari Utanyooka

Legeza mabega. Kabla hujatunga uzi, kabla hujachagua nakshi, legeza mabega, maana mtetemeko unaouona kwenye mfarishi huanzia huko, si kwenye sindano.

Umeshona magauni na sare za shule miaka mingi. Katika cherehani uliyoizoea, kitambaa ndicho kinachokwenda. Kwenye mashine ya mkono mrefu mambo yamegeuka: kitambaa cha juu, pamba na kitambaa cha chini vimekazwa kwenye fremu, na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu ya reli. Sasa unachora! Basi usijihukumu kwa duara la kwanza lililotoka na pembe. Mkono wako unajifunza kazi mpya, na kazi hiyo inafundishika.

Simama, miguu imeachana kidogo, viwiko karibu na mbavu. Shika vishikio kama unavyoshika kifaranga. Ukielekea kulia, mwili wote uende kulia. Kiganja kikiachiwa kazi peke yake kitachoka, na mstari utayumba. Na macho, yaondoe kwenye sindano! Yatangulize kule unakokwenda, mkono utafuata.

Usiogope mwendo. Wengi wanaoanza hujikokota wakidhani huko ndiko kwenye usalama, kumbe unapojikokota kila mtikisiko wa kidole huchorwa. Shika mwendo wa wastani usiobadilika. Mashine nyingi za sasa zina kidhibiti kinachoongeza na kupunguza kasi ya sindano kulingana na mkono wako, ili mishono ilingane urefu. Kitumie bila aibu. Lakini duara hakikuchorei; duara ni lako. Chungulia pia upande wa chini: ukiona uzi wa chini umelala umenyooka kama haukushonwa, uzi wa chini umebana kuliko wa juu, kwa hiyo kaza wa juu.

Na asikuambie mtu kwamba kazi ya mashine si sanaa. Mwaka 1989, huko Paducah, Kentucky, mfarishi wa Caryl Bryer Fallert ulitwaa tuzo kuu ya maonyesho ya American Quilter's Society, wa kwanza ulioshonwa kwa mashine kupewa heshima hiyo.

Funga kitambaa cha bei nafuu kwenye fremu leo hii. Anza kwa kuandika jina lako, kwa kuwa mkono unalijua tayari. Kisha vitanzi, kisha majani. Kitambaa kikijaa, badilisha rangi ya uzi ushone tena juu yake.