Kambi ya Watoto Wagonjwa: Tunawatenga au Tunawakutanisha?

Kwetu Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, kuna chemchemi za maji ya moto. Watu hutoka mjini Gisenyi, na wengine huvuka mpaka kutoka Goma, wakaja kuloweka miguu inayouma na migongo iliyochoka. Miaka mitatu iliyopita bibi alimpeleka huko mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka 12, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limekataa kupona. Alimkalisha kwenye maji mpaka jasho likamtoka, huku akimwombea. Mdogo wangu alivumilia. Baada ya robo saa akaomba kwenda chooni, na alipoambiwa asubiri kidogo, akaanza kulia. Maumivu alikuwa ameyazoea. Kilichomliza ni watoto waliokuwa wakioga pale, ambao wote walikuwa wamegeuka kumtazama.

Nyumbani tulidhani ni minyoo. Kwenye kituo cha afya tuliambiwa ni amiba. Akapewa dawa, akapata nafuu ya wiki mbili, kisha damu ikarudi. Tukaambiwa amiba mara ya pili, na mara ya tatu. Majirani nao walikuwa na jibu lao: mtoto amelishwa sumu, apelekwe kwa mganga atapishwe. Mama alikataa. Mwaka mmoja na nusu ulipita kabla hatujapewa rufaa ya kwenda Kigali. Huko daktari alimpima kwa kamera inayoingizwa ndani ya utumbo, ndipo tukasikia jina ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kulisikia: kolaitisi ya vidonda.

Ugonjwa huu una ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Katika magonjwa haya mawili, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe, ukavimba na kutoka vidonda. Kolaitisi hukaa kwenye utumbo mpana, ilhali Crohn yaweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani. Hauambukizwi, wala hauletwi na uchafu. Dawa huutuliza kwa miezi au miaka, kisha waweza kuamka tena bila kubisha hodi. Mgonjwa huharisha damu, hukonda, huchoka, na mtoto huweza kudumaa. Juu ya yote hayo, hulazimika kukimbilia chooni mara nyingi kwa siku, na hilo ndilo jambo ambalo mtoto wa miaka 12 yuko tayari kufanya lolote ili wenzake wasilijue.

Tulipokuwa ndani ya basi la kurudi nyumbani, mdogo wangu aliniuliza swali. Kwetu mpakani kaka au dada mkubwa huitwa yaya. "Yaya," alisema, "kuna mtoto mwingine mwenye ugonjwa huu, au ni mimi peke yangu?"

Nilimwambia wapo wengi, ingawa sikuwa nimemwona hata mmoja. Baadaye nilianza kusoma, nikakuta kwamba huko Marekani kuna kambi za likizo kwa ajili ya watoto wenye magonjwa haya mawili tu. Zinaitwa Camp Oasis, na huendeshwa na taasisi inayoshughulikia magonjwa ya Crohn na kolaitisi. Watoto huogelea, hupanda kamba, huimba usiku kuzunguka moto. Wauguzi wapo, dawa zipo, na vyoo haviko mbali. Fikra yenyewe ni ya zamani. Insulini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1922, watoto ambao awali walikuwa wakifa walianza kuishi, na mwaka 1925 daktari Leonard Wendt aliwafungulia kambi huko Michigan. Mwaka 1988 mwigizaji wa filamu Paul Newman alifungua kambi Connecticut kwa watoto wenye saratani na magonjwa mengine mazito. Barani kwetu, Lesotho ina kituo cha Mamohato kilichofunguliwa mwaka 2015, ambako watoto wanaoishi na VVU hukaa pamoja kwa siku kadhaa. Tanzania na Uganda pia zimekuwa na kambi za namna hiyo.

Nilipomsimulia mdogo wangu habari hizi, alinyamaza, kisha akauliza nauli ya kwenda huko ni kiasi gani.

Hapo ndipo swali la insha hii lilipozaliwa. Je, ni jambo jema kuwakusanya watoto wagonjwa mahali pao peke yao ili wacheze? Mwanzoni niliona jibu ni rahisi: ndiyo. Nilipozidi kufikiri niliona hoja tatu zinazopinga, na kila moja ina uzito kwa mtu aliyekulia huku kwetu.

Hoja ya kwanza ni ya kutenga. Bibi alipolisikia neno kambi, uso wake ulibadilika. Kwa mtu wa Rubavu kambi ni turubai, foleni ya maji na watu waliokimbia vita. Lakini kuna jambo zito zaidi ya neno. Wazazi wetu wanatusimulia kwamba kabla ya mwaka 1994 watoto walikuwa wakiamriwa darasani kusimama kulingana na kabila la wazazi wao. Walisimama, wakahesabiwa, wakakaa. Tunajua hesabu ile ilitufikisha wapi. Mnyarwanda ana sababu ya kuogopa kila mkusanyiko ambao tiketi ya kuingilia ni alama aliyozaliwa nayo au asiyoichagua. Mtu akisema, "Watoto wenye ugonjwa huu waje upande huu," sina budi kumuuliza anataka nini nao.

Hata hivyo naona kuna tofauti, na tofauti hiyo inapatikana tukiuliza maswali matatu. Nani anayehesabu? Anahesabu kwa faida ya nani? Na aliyehesabiwa anaweza kukataa? Wale wa darasani hawakuulizwa, na hesabu haikuwa kwa faida yao. Mtoto wa kambi huja kwa ridhaa yake na ya wazazi wake, naye hurudi nyumbani. Tena kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mahali ambapo kila mtoto ana ugonjwa, ugonjwa hauwezi tena kuwa jina la mtoto mmoja. Shuleni mdogo wangu ni "yule wa tumbo". Kati ya watoto 50 wenye tumbo kama lake, ingebidi wenzake wamtafutie jina jingine: golikipa, mcheshi, yule anayekoroma. Kwa hiyo mkusanyiko unaoonekana kumpachika alama ndio unaoweza kumvua alama hiyo.

Hoja ya pili ni ya fedha. Kuna watoto wasio na dawa. Kuna wengine, naamini, ambao mpaka leo wanameza dawa za amiba kwa sababu hawajafika kwenye kamera. Je, ni haki kutumia fedha kwa nyimbo na kuogelea wakati mwenzao hajapimwa? Hoja hii siwezi kuipuuza. Kama ningepewa fedha za kuchagua kimoja tu, kamera katika hospitali iliyo karibu au kambi, ningechagua kamera. Anayezama huvutwa kwanza, kuogelea hufundishwa baadaye.

Lakini hoja hiyo inadhani kwamba dawa ni kitu kimoja na furaha ni kitu kingine. Nyumbani kwetu mambo hayakwenda hivyo. Mituweli ilisaidia, mama aliuza mbuzi wawili, dawa zikapatikana. Muhula wa kwanza mdogo wangu alizimeza vizuri. Muhula wa pili akaanza kuumwa upya, na mama alipokagua mkoba wake wa shule alikuta vidonge vya wiki tatu vimefungwa ndani ya soksi. Mwenzake mmoja alikuwa ameviona akauliza ni vya nini, na mwingine akajibu kwa sauti kwamba ni vya UKIMWI. Kuanzia siku hiyo hakumeza tena akiwa shuleni. Pia aliacha kula mchana, kwa sababu asiyekula haendi chooni. Dawa ilikuwepo, bei ilikwisha kulipwa, lakini aibu ilisimama katikati ya mkono na kinywa. Nikauliza: fedha za kuiondoa aibu hiyo ni za anasa, au ni sehemu ya bei ya dawa?

Hoja ya tatu inatoka kwa wahenga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mujibu wa methali hii, mtoto anayefunga vidonge ndani ya soksi anakosea, na kambi ya mbali inamsaidia kuendelea kukosea: anakuwa huru kwa wiki moja, mahali ambapo hakuna mtu wa kijiji chake anayemwona, kisha anarudi kujificha. Si afadhali tumfundishe ujasiri wa kusema ukweli hapa hapa Nyamyumba?

Naiheshimu methali hii, na ni kweli kwamba kuficha kulikaribia kumuua mdogo wangu. Ila naona inamwelemea mtu mmoja tu. Inamwambia mgonjwa afichue, wala haisemi neno kwa wale wanaomcheka akifichua. Aibu haikuzaliwa ndani ya utumbo wake. Sisi ndio tuliomtengenezea, kwa kicheko cha darasani, kwa maneno ya jirani kuhusu sumu, na kwa macho yale kwenye maji ya moto. Kumdai mtoto ujasiri ilhali sisi hatujadaiwa adabu ni kumtwika mzigo wetu. Tena ujasiri una mahali pa kujifunzia. Wapo wahenga wengine waliosema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mimi nampenda mdogo wangu, lakini sijawahi kulala kitandani mwake. Kijana wa miaka 18 mwenye kolaitisi anaweza kumwambia neno moja tu likafanya kazi ambayo hotuba zangu hazikuifanya.

Hili nililiona kwa macho yangu. Mwaka jana, katika likizo ndefu ya kiangazi, tulikwenda Kigali kliniki. Kwenye benchi aliketi kijana aliyenizidi urefu, na mazungumzo yao yalianza kwa kulinganisha rangi ya vidonge. Walikaa pamoja karibu saa mbili. Nilisikia kijana akimweleza kwamba kila anapofika mahali pageni hutafuta choo kwanza, hata kabla ya kusalimia watu, na mdogo wangu akacheka mpaka akajishika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka kuhusu jambo hilo. Alipotoka kwa daktari aliniambia, "Yaya, kumbe hata yeye." Vidonge vya muhula uliofuata vilimezwa vyote. Ile benchi ndiyo kambi pekee aliyowahi kuhudhuria.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kuwakutanisha watoto wagonjwa ni jambo jema, na pale panapowezekana ni jambo tunalopaswa kulifanya, hata kama si kwa kamba na mabwawa ya kuogelea. Huku kwetu kiangazi huangukia Julai na Agosti, shule zimefungwa na barabara ni kavu. Watoto wachache, muuguzi mmoja, vijana wawili waliokwisha kuuzoea ugonjwa, na choo cha karibu: hicho ni kianzio tosha.

Lakini wema wa kambi una sharti. Kambi haiwezi kuwa kisingizio cha kuziacha shule jinsi zilivyo. Baada ya safari ile nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa mdogo wangu kuomba aruhusiwe kutoka darasani bila kunyoosha mkono wala kueleza. Mwalimu alinisikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Na wengine 60 wakitaka vivyo hivyo? Sheria ni moja kwa wote." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatetea usawa, na usawa ni kitu tunachokihitaji sana katika nchi hii. Nilimjibu kwamba sheria moja haiwi sawa kwa miili isiyo sawa. Mwenye miwani huruhusiwa kuvaa miwani, na hakuna anayelalamika kwamba amependelewa. Alifikiri, akasema ataona. Wiki iliyofuata alimhamishia mdogo wangu kwenye dawati lililo karibu na mlango, bila kumwambia mtu sababu. Halikuwa jambo kubwa, ila lilitosha.

Dawati lile limenifundisha kuipima kambi. Siku saba za kambi zinamwonyesha mtoto jinsi maisha yanavyoweza kuwa pasipo kujificha. Siku ya nane ni yetu sisi tuliobaki nyumbani. Kama siku hiyo anakuta macho yale yale na kicheko kile kile, basi tumempa wiki moja ya raha ili tusijisumbue wiki 51 zilizobaki.

Mdogo wangu sasa ana miaka 15. Ameisoma insha hii kabla sijaikabidhi, akanisahihisha mahali pawili, akaniruhusu niitoe kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la shule yake. Nimekubali. Ninaandika juu ya kutojificha, na mtu ninayemwandikia bado anaona ni salama zaidi kujificha. Sina haki ya kumlaumu. Siku atakayoniambia, "Yaya, liandike tu," nitajua Nyamyumba imebadilika.