Jua Tumepewa, Tusilipoteze

Ndugu zangu wa Kishapu na Kahama, wa Katoro, Nyarugusu na Rwamagasa, katika nchi hii nzima sisi ndio tusio na udhuru wa kumaliza msitu ili tuchemshe maharage. Mwingine anaweza kujitetea kwamba hakujua. Sisi tumeiona ardhi yetu ikigeuka vumbi, na tumeiona ikifufuka.

Waulizeni wazee. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa eneo kwa eneo ili kufukuza mbung'o. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa bila mtu kupanda, hata kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI tuliyoizoea. Wataalamu walianza na miche ya kigeni, lakini kilichoiponya ardhi kilikuwa chetu wenyewe: ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo wakati wa masika ili majani na miti vipumue na ng'ombe wapate malisho kiangazi. HASHI ilipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa takribani hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, ilikaa ikaamua, sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati akalipa faini. Watu waliofanya hayo wangali hai, wengine ni baba zetu na mama zetu.

Na leo tunaikata tena kazi ya mikono yao, tunaipakia kwenye bodaboda kama mkaa!

Twende machimboni, maana huko ndiko moto unakowaka zaidi. Rashi, ule mkurupuko wa watu kukimbilia dhahabu mpya, inapolipuka, wiki haiishi kabla vibanda vya maturubai havijasimama, na pembeni ya kila kibanda kuna magunia ya mkaa yaliyovikwa majani vichwani. Maelfu ya watu wanakula hapo asubuhi, mchana na usiku. Chini ya ardhi, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yanashikiliwa kwa matimba, magogo machanga yaliyonyooka, ambayo ndiyo miti iliyotazamiwa kuwa msitu wa kesho. Halafu nendeni kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lisilofikiwa na umeme. Injini ya dizeli inanguruma tangu alfajiri, bomba lake linatema moshi mweusi, mkanda umelegea unapiga kofi kila unapozunguka, na kijana wa kulisha mawe amejifunga kitambaa puani akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu. Injini ya namna hiyo, hata ikiwa nzima, inageuza kama theluthi tu ya mafuta kuwa kazi; kiasi kingine chote kinapotea kama joto na moshi. Mota ya umeme iliyofungwa vizuri hugeuza karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kuwa kazi. Mwenye karasha, unayelalamika kila siku kwamba mawe hayalipi, hesabu madumu ya dizeli kabla hujayalaumu mawe.

Wala wakubwa wasijione wamesalimika. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, uliendeshwa kwa zaidi ya miaka ishirini kwa umeme wa kuchoma mafuta kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa. Meli za mafuta zikatia nanga pwani, malori yakayavuta hadi Ziwa Victoria, yakachomwa ili kuitoa dhahabu chini ya jua ambalo halikuwahi kututoza hata senti. Kuunganishwa na gridi ni hatua njema na naipongeza kwa moyo wote. Lakini gridi hiyo ni mali ya kila mmoja wetu, na mgodi unaochukua umeme mwingi kuliko mji unao wajibu wa kujenga paneli zake kwenye ardhi iliyokwisha kuchimbwa, ambayo mkulima hawezi tena kuilima.

Tazameni Kishapu. Katika kijiji cha Ngunga, wilaya ile ile iliyokuwa mfano wa ukame, TANESCO imepeleka mradi wa kwanza mkubwa wa umeme wa jua wa kuingia kwenye gridi, kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa: megawati 50 katika awamu ya kwanza, na 150 ukikamilika wote. Jua lililokausha mahindi yetu na kuua ng'ombe wetu limegeuzwa kuwa zao. Ongezeni hapo bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji na megawati zake 2,115. Wakati wa kusema umeme haupo umepita.

Sasa naingia jikoni, na hapa nawaomba akina baba wasinikimbie. Tumelipa shilingi 27,000 tukaunganishiwa umeme kijijini, taa inawaka sebuleni, televisheni inaongea, na mama bado anapuliza kuni nyuma ya nyumba huku mtoto mgongoni akikohoa. Tunasema umeme unakula uniti. Ni nani aliyepima? Kilo moja ya maharage kwenye jiko la presha la umeme haimalizi hata uniti moja. Gawanyeni gunia la mkaa kwa siku mnazolitumia, mlinganishe wenyewe. Na kwa asiye na umeme, kule Kahama kuna vilima vya pumba za mpunga nyuma ya mashine vinavyochomwa bure, na mashambani mabua ya pamba yanang'olewa na kuteketezwa kila msimu ili kuua wadudu. Hayo yote yanaweza kushindiliwa yakawa mkaa mbadala. Yesu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, yeye aliyeweza kuumba mikate mingine, aliwatuma wanafunzi waokote mabaki, na vikapu 12 vikajaa. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa tangu madrasa kwamba israfu ni chukizo. Basi tunasali wapi, sisi tunaoacha balbu ya wati 60 ikiwaka mchana kutwa wakati ya wati 9 inatoa mwanga ule ule?

Hata maji yetu ni umeme. Ndoo inayomwagika bombani Shinyanga mjini au Kahama imesukumwa na pampu za mamlaka ya maji, KASHWASA, kutoka Ihelele, Misungwi, ikapandishwa mlima ndipo ikatufikia. Bomba linalovuja mtaani linavujisha na umeme.

Serikali imekwisha kusema neno lake. Taasisi, shule zikiwamo, zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zenye zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Mwezi Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tarehe hizo za shule zimepita. Je, jiko la shule ya mwanao limebadilika, au mpishi bado anafuta machozi ya moshi kwa kanga yake?

Fedha zipo. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2017 inaulazimisha kila mgodi wenye leseni kuandaa mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii, na kukubaliana na halmashauri. Tumezoea fedha hizo ziishie kwenye madarasa na vituo vya afya, na vinahitajika. Lakini darasa jipya lenye jiko la mafiga matatu nyuma yake ni kazi iliyoachwa njiani.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ujao usikae kimya. Inuka, mtaje diwani wako kwa heshima yake, umuulize mbele ya watu: mwaka huu ni shule ngapi za kata yetu zitapikiwa kwa nishati safi kwa fedha za mgodi, na makarasha yetu yatavutiwa umeme lini? Usikae chini hadi majibu yaandikwe kwenye muhtasari.