Mgeni Asiyeondoka

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mgeni mvivu, naye akiisikia hufunga mzigo wake. Lakini ina uso wa pili ambao hatuutazami sana. Aliyepewa jembe amelima, na aliyelima ana neno la kusema siku ya mavuno. Jembe lile lile linalomwondolea mgeni raha ya kukaa bure humpa haki ambayo hakuwa nayo alipokuwa akila na kulala. Nataka kuitumia methali hii kupimia jambo ambalo walioitunga hawakupata kuliona: hali ya mwimbaji anayealikwa kutia sauti yake katika santuri ya mwingine, na hali ya mwimbaji ambaye wimbo wake mmoja huchukuliwa ukapangwa pamoja na nyimbo za watu wengine katika mkusanyo. Swali langu ni fupi. Sauti iliyoalikwa ni ya nani?

Ugeni wa kawaida una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na adabu zote za ukarimu zimejengwa juu ya milango hiyo miwili. Mwenyeji hutoa kilicho bora kwa sababu anajua kuwa mgeni ataondoka. Mgeni hadai shamba kwa sababu naye anajua hivyo. Sauti ikishanaswa haina mlango wa pili. Mwimbaji huenda zake jioni, amepewa ujira wake na nauli. Sauti yake hubaki katika nyumba ya mwenyeji, ikifanya kazi usiku na mchana, mwaka hata mwaka, hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Aliridhia alasiri moja, ametumikia umri mzima na zaidi. Kwa mgeni wa namna hii adabu ya ukarimu haitoshi, maana siku ya tatu ilipita zamani na jembe liko mkononi mwake.

Mfano ulio wazi uko Marekani. Mwezi Julai 1930, huko Hollywood, Jimmie Rodgers, Mzungu aliyejipatia sifa kwa kuimba blues za Wamarekani weusi na kuziongezea mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka nzito kwenda nyembamba, alirekodi wimbo uitwao Blue Yodel No. 9. Aliyepiga tarumbeta alikuwa Louis Armstrong, na kwenye piano alikuwa mkewe, Lil Hardin. Santuri ilipotoka, kibandiko chake hakikuwataja. Hata hivyo tarumbeta ile humjibu mwimbaji kama mtu anayeitikia salamu, na aliyewahi kumsikia Armstrong humtambua kabla ya pumzi ya tatu. Sauti ina uso wake. Waliolificha jina hawakuweza kumficha mtu, nami naona kwamba jambo hili huongeza deni, halilipunguzi. Kwani mwenyeji aliyefaidi uso wa mgeni hawezi kudai kwamba alichofaidi ni kazi ya mikono mitupu.

Santuri za Rodgers zilisafiri. Mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwezi Mei 1933, asipate kukanyaga Afrika. Lakini sauti yake ilifika hata katika nchi ya Wakipsigis, magharibi mwa Kenya, ikilia ndani ya gramafoni. Wenyeji hawakumjua mwenye sauti, basi wakampa jina na mwili. Jina likawa Chemirocha. Na mwili, kwa maelezo ya Hugh Tracey, ukawa wa kiumbe aliye nusu mtu, nusu swala. Mwaka 1950 Tracey alipopita Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, wasichana walimwimbia juu ya kiumbe huyo. Yule mgeni wa jana aliwafanya wao kuwa wageni wa kesho: sauti zao ziliingia katika hazina ya maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, zikatolewa katika mikusanyo, na zimesikilizwa na watu ambao wangeshindwa kuionyesha Kapkatet katika ramani.

Tutazame jinsi walivyoandikwa. Wimbo ulio mashuhuri kupita yote umewekwa kwa jina la Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Mmoja ana jina. Wengine wana kabila. Simlaumu Tracey kupita kiasi. Wapo waliomtangulia na waliomfuata ambao hawakuandika hata hilo moja, na bila mashine yake wimbo ule ungalikufa pamoja na waliouimba. Katika muongo wa 2010 rekodi zile zilirudishwa huko zilikotoka, wakapatikana wazee ambao walirekodiwa ujanani na ambao hawakuwa wamezisikia tena sauti zao. Inafaa kuulizana sababu ya kurudi kule. Kama ujira wa mwaka 1950 ulimaliza kila kitu, warudishaji walikwenda kufanya nini?

Mkusanyo una hila yake, nayo ni tofauti na hila ya mwaliko. Mwaliko una mwenyeji ajulikanaye. Mkusanyo una mpangaji tu. Mwimbaji hachagui jirani yake wa juu wala wa chini, na jina lililo katika jalada aghalabu ni jina la nchi. Katika wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, na hasa kuelekea vichaka vya Itigi, watu hurina asali. Asali ya mizinga mingi humiminwa katika pipa moja, nayo ikifika sokoni huitwa asali ya Manyoni au ya Itigi, wala mnunuzi haulizi nani alipanda mti usiku na moshi mkononi. Wako wanaosema kwamba mkusanyo wa nyimbo ni pipa la asali. Mfano ni mtamu, lakini una kasoro moja inayouangusha. Asali ya mzinga mmoja ikishachanganywa na ya mwingine hakuna awezaye kuitenga tena, hata mrina mwenyewe. Umoja wake ni wa maumbile. Nyimbo ishirini katika santuri moja hazichanganyiki. Kila mmoja huanza, huisha, na kati ya mmoja na wa pili kuna kimya ambacho msikilizaji anaweza kukihesabu. Kwa hiyo mwimbaji wa mkusanyo akikosa jina, jina hilo halikuyeyuka. Liliachwa na mtu.

Hapa hutokea pingamizi ambalo nimelisikia kutoka kwa wasomi kuliko kwa waimbaji. Husemwa kwamba ngoma zetu ni mali ya wote, kwamba hakuna aliyezitunga peke yake, na kwamba kudai jina la mtu mmoja ni majivuno yaliyoletwa na wageni. Ni kweli kwamba kijijini jina la mwimbaji halikuandikwa. Lakini halikuandikwa kwa sababu lilijulikana. Katika uwanja wa ngoma hakuna asiyejua ni nani aliyeanzisha wimbo, ni binti wa nani, na ni nani aliyemfundisha. Akikosea atatajwa, na akipendeza atatuzwa mbele ya macho ya watu. Ujuzi ule ulikuwa ndio maandishi. Sauti ikiondolewa uwanjani ikapelekwa mahali ambapo hakuna amjuaye mwenyewe, kutoliandika jina si kuendeleza desturi ya kijiji. Ni kukata nusu ya desturi na kuibakiza ile nusu isiyo na gharama.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami sina jibu lake lote. Mwimbaji alilipwa, akapokea kwa hiari yake. Wakulima wa vitunguu mkoani Singida wanaijua biashara ya kuuza mazao yangali shambani: bei huwa ndogo, lakini fedha ni ya leo, na hasara ya mvua na ya soko humwangukia mnunuzi. Mwimbaji anayechukua ujira wa siku moja na kuacha fungu la baadaye amefanya chaguo la namna hiyo, na si haki kumfanya mjinga kwa sababu tu santuri ilikuja kupendwa. Nyingine nyingi hazikupendwa, na hakuna aliyemwendea mwimbaji kumdai ujira urudi. Yote haya nakubali. Lakini kitunguu kikishauzwa humwachia mkulima shamba lake, naye msimu ujao hupanda kingine kisicho kile. Sauti iliyouzwa ndiyo ile ile ambayo mwenyewe ataamka nayo kesho. Inaweza kusikika mahali asipopenda, ikitangaza kitu asichokijua, naye akaulizwa na majirani zake kama ni yeye. Fedha inaweza kumaliza deni la kazi. Swali la majirani haliwezi kulimaliza.

Sheria imelitambua jambo hili kwa kuchelewa. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwapa waimbaji na wapigaji ulinzi wa kimataifa, na Tanzania ilipotunga sheria yake ya mwaka 1999 iliitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Neno hili la pili lilitafutwa ili kutaja haki za wale ambao hawakutunga ila walitenda. Nalipenda kuliko maneno mengi ya kisheria. Linasema kwamba aliyeshiriki ana haki kwa ajili ya kushiriki kwenyewe, bila kungoja aitwe mmiliki. Ni jembe la siku ya tatu, ila limeandikwa kisheria.

Sasa nije kwa Hukwe Zawose, maana yeye huufanya mjadala huu uwe mgumu kwa njia inayofaa. Alikuwa Mgogo wa Doduma, katika Dodoma. Na kwa kuwa Wagogo ni miongoni mwa wenyeji wa Manyoni pia, ilimba na zeze alizopiga si vitu vigeni kwetu huku Singida. Alifundisha Bagamoyo, akaikuza ilimba kwa kuiongezea ndimi, na akapiga katika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa santuri yake iitwayo Chibite. Mwaka 2002 ikatoa nyingine, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Na mwaka huo huo yeye na Charles Zawose walitangulia jukwaani katika safari ya Peter Gabriel. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Nikizisikiliza santuri hizi mbili moja baada ya nyingine huona tofauti ya mwenyeji na mgeni. Katika Chibite sauti yake iko nyumbani. Ikinyamaza, ilimba hungoja. Katika Assembly kuna mapigo ya mitambo ambayo hayangoji mtu, na Zawose hulazimika kuingia kama anayeruka ndani ya gari linalokwenda. Wapo waliohuzunika kwa sababu hiyo. Mimi sikuhuzunika, ila niliisikiliza mara nyingi kabla ya kujua kwa nini. Sababu ni kwamba hakuitwa kuja kupamba. Jina lake liko juu ya jalada pamoja na la mwenzake, na sauti ile haiombi ruhusa. Mahali pengine ni mitambo inayobabaika. Yule ni mgeni aliyeshika jembe lake mwenyewe, akalima alivyojua, na mwenye nyumba akakiri kwamba shamba ni la wawili. Kwa hiyo mwaliko wenyewe hauna ubaya, na mtu hahitaji kukaa kwao ili abaki yeye.

Lakini kisa cha ukoo huu hakikuishia hapo, na sehemu yake ya mwisho imenitaabisha kuliko habari zote za kampuni za ng'ambo. Mwaka 2024 Real World ilitoa santuri iitwayo Maisha, na waimbaji wake ni wanawake wa ukoo, Pendo na Leah Zawose, kwa jina la The Zawose Queens. Kwa maelezo yao wenyewe, kwa miaka mingi wanawake katika ukoo waliimba nyuma, wakiitikia, huku wanaume wakiwa mbele. Tena hawa ni Wagogo, ambao katika muheme wanawake ndio huibana ngoma magotini na kuipiga. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza mwenyeji wa mbali amewatendea nini wageni wake. Sikuwa nimejiandaa kukuta wageni ndani ya nyumba waliyozaliwa, wenye jembe mkononi tangu utotoni, ambao sehemu yao ya mavuno haikutajwa kwa sababu tu waliitikia badala ya kuanzisha.

Niliposoma habari ile niliitafuta kanda yangu. Miaka kadhaa nyuma nilirekodi muheme katika kijiji kimoja cha Manyoni, kwa ajili ya kufundishia, na vipande vyake nimevisikilizisha madarasa mengi tangu wakati huo, nikavichanganya na vya mahali pengine katika mkusanyo wangu mdogo. Katika daftari niliandika jina la kiongozi, tarehe, na aina ya ngoma. Kisha, kwa mwandiko wangu, niliandika: na wenzake kumi na wawili. Nimerudi kijijini mara mbili. Kiongozi amekwisha kufariki, na mwanawe hukumbuka baadhi kwa sauti, akiwataja kadiri kanda inavyokwenda: huyu, na huyu, na yule aliyehamia Itigi. Mpaka sasa tumepata majina saba.